Sarafu Yenye Kutu: Tuisome Kabla ya Kuisugua

Mkulima wa uwanda wa Ufipa, awe karibu na Sumbawanga au huko Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, huenda jembe lake likaibua sarafu kuukuu iliyoshika kutu ya kijani. Wengi hukimbilia kuisugua kwa mchanga, majivu au ndimu mpaka ing'ae. Tunasema asifanye hivyo, kwani maandishi yaliyo chini ya kutu ni dalili ya kuijua hukumu ya mali hiyo.

Rikazi au lukata?

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa rikazi hutolewa khumsi, yaani moja ya tano. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, rikazi ni dhahabu au fedha iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu, ikafikia nisabu, na kupatikana katika ardhi isiyo na mwenyewe. Wahanafi wameingiza pia shaba na mfano wake. Yenye alama za Kiislamu ni lukata: hutangazwa mwaka mzima, na kitu kidogo hutangazwa kwa kadiri yake. Ikipatikana katika shamba la mtu, mwenye shamba huulizwa kwanza.

Kinachoangaliwa hasa ni nani aliyeizika. Chapa ni dalili tu. Waislamu wa mwanzo walitumia dinari za Rumi zenye sura ya Kaisari, mpaka Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipotoa dinari ya maandishi matupu mwaka 77 Hijria. Basi andika mahali ilipookotwa na vilivyokuwa pamoja nayo.

Kuitambua

Kasanga ilikuwa boma la Wajerumani likiitwa Bismarckburg. Heller zao za shaba, za kuanzia 1904 hadi 1913, zina taji na maneno "Deutsch Ostafrika". Lakini pesa za kampuni yao za 1890 hadi 1892 zina maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, 1307 hadi 1309. Asiyesoma vizuri atazidhania za Sultani. Pesa ya Sayyid Barghash ya 1299 Hijria ina picha ya mizani. Sarafu za shaba za Kilwa ni ndogo, zina majina ya masultani kama Ali bin al-Hasan, wala hazina mwaka. Kule Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Zote hizi ni za baada ya Uislamu. Hakuna hata moja ambayo mtu atatoa khumsi yake na kujihalalishia nne zilizobaki.

Kuihifadhi

Ishike kwa ukingo. Iache ikauke kivulini, kisha ondoa udongo kwa brashi laini au kijiti. Isome kwa mwanga wa ubavuni, ipige picha, ipime uzito na upana. Kutu ngumu ya kijani kibichi au nyeusi huilinda shaba, iache. Unga mwepesi wa kijani cheupe ni maradhi yatokanayo na chumvi na unyevu: itenge na nyingine, uiweke pakavu ndani ya karatasi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihusu vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na mvumbuzi hutakiwa kutoa taarifa serikalini. Kutoa taarifa hakupingani na amana. Ni sehemu ya kutangaza. Imamu akiulizwa, aombe kwanza kuiona sarafu ikiwa na kutu yake, ndipo ajibu.

Wallahu a'lam.