Sosi za Sushi: Kweli, Uongo na Nusu Kweli

Bila shaka umewahi kuketi meza moja na mjuzi wa sushi. Siku hizi yupo kila mahali, kuanzia Nairobi na Dar es Salaam hadi Muscat. Vijiti mkononi, anakukataza hiki na kukuamuru kile. Soya ya rangi hafifu haina chumvi nyingi, anasema. Ukikoroga wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, kwenye soya umemtukana mpishi. Samaki mbichi? Usihofu, wasabi inaua kila kitu.

Baadhi ya hayo ni kweli tupu, na yametoka kwa wapishi waliomaliza umri wao kwenye kazi hii. Mengine yatakuharibia chakula tu. Moja linaweza kukulaza hospitali. Na kwa kuwa sosi za kuchovya ndizo sehemu rahisi kuliko zote kutengeneza nyumbani, tuyapime kabla hujawasha jiko.

"Wajapani wamechovya samaki mbichi kwenye soya tangu zama za kale"

Si kweli. Sushi ya kale kabisa haikuhitaji sosi yoyote: samaki alitiwa chumvi, akafukiwa ndani ya wali kwa miezi, akachacha mwenyewe. Kandokando ya Ziwa Biwa, mkoani Shiga, bado wanatengeneza samaki wa aina hiyo, funazushi. Ama samaki mbichi, kabla soya haijawa ya bei nafuu mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, watu walimchovya kwenye irizake: sake, pombe ya mchele, iliyochemshwa na umeboshi, lile tunda dogo la Kijapani lililotiwa chumvi hadi likasinyaa. Irizake imo katika Ryōri Monogatari, kitabu cha mapishi kilichochapwa mwaka 1643. Soya iliushinda mji huo baadaye, pale watengenezaji wa Noda na Choshi walipoanza kuyashusha mapipa yao Edo kwa mashua, kupitia mitoni. Kufikia mwanzo wa karne ya 19, wakati Hanaya Yohei na wenzake walipokuwa wakiuza nigiri, tonge la wali lenye kipande cha samaki juu, soya ilikuwa tayari imeshika nafasi.

Usiiache irizake ibaki hadithi. Chemsha kikombe kimoja cha sake na umeboshi moja kubwa kwa moto mdogo hadi ibaki nusu, tupia konzi ya katsuobushi (vile vipande vyepesi vya samaki aliyekaushwa kwa moshi), acha kidogo, chuja. Utapata sosi ya rangi ya chai hafifu, yenye chumvi na ukakasi mtamu. Kwa samaki mweupe kama changu, naiona inashinda soya kwa mbali, kwa sababu soya humfunika samaki huyo kabisa.

"Soya ya rangi hafifu ina chumvi kidogo"

Uongo, tena unaoweza kumuumiza mwenye shinikizo la damu. Soya hafifu ya Kijapani, usukuchi, ambayo mji wa Tatsuno umesifika nayo kwa muda mrefu, ina chumvi ya asilimia 18 hadi 19. Ile nyeusi ya kawaida, koikuchi, ina asilimia 16 hivi. Chumvi ya ziada huzuia uchachushaji usiende mbali, na rangi nayo isikolee. Jicho linaona wepesi, ulimi unapata chumvi.

Na chumvi hiyo si ya kuchezea. Kijiko kimoja kikubwa cha soya ya kawaida kina takriban gramu 2.5 za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Vijiko viwili, umefika mpakani.

Dawa ipo, na ni ya Kijapani vilevile: dashi, supu nyepesi ya kutia ladha. Loweka kipande cha kombu, mwani mkavu, kwenye maji baridi usiku kucha, kisha changanya maji hayo na soya, sehemu moja kwa mbili. Utatarajia sosi iliyopooza, lakini sivyo. Mwaka 1908 profesa Ikeda Kikunae wa Tokyo aligundua kwamba ladha nzito ya kombu inatokana na glutamati, akaiita ladha hiyo umami. Ukitaka, tia na katsuobushi: ina kitu kingine, inosinati, na viwili hivyo vikikutana huongezeana nguvu kupita jumla ya kila kimoja peke yake. Ndiyo maana soya iliyopunguzwa kwa dashi ya kombu na katsuobushi inabaki na utamu wake huku chumvi ikishuka. Weka kwenye jokofu, itumie ndani ya siku tatu.

Hapohapo futa na jingine: kwamba soya ni maharage ya soya matupu. Koikuchi hutengenezwa kwa soya na ngano, karibu nusu kwa nusu. Asiyeweza kula ngano atafute soya aina ya tamari, na hata hiyo asome lebo, maana baadhi huongezwa ngano kidogo.

"Chovya samaki, si wali"

Kweli kabisa. Hapa wazee wa kazi hawakukosea hata chembe. Wali wa sushi umeshatiwa siki, sukari na chumvi, na umeshikanishwa kwa mkono mwepesi ili hewa ibaki kati ya punje. Ukiutumbukiza kwenye soya unainyonya kama sifongo, unakuwa chumvi tupu, kisha unabomokea bakulini. Lilaze tonge ubavu, lishike kwa vidole ukipenda (Japani si kosa), na uguse sosi kwa ncha ya samaki tu. Kwa sushi iliyozungushiwa mwani na kujazwa mayai ya samaki juu, chukua kipande cha tangawizi ya siki, kichovye, ukipake juu kama brashi.

Wapishi wengi wa sushi wanakuondolea hata kazi hiyo. Wanapaka samaki sosi iitwayo nikiri kabla hawajakupa tonge, na hapo kuchovya tena ni kuharibu. Nyumbani ni rahisi: soya sehemu 10, mirin (pombe tamu ya kupikia) 2, sake 1. Chemsha mirin na sake kwanza mpaka ule mvuke mkali utulie, tia soya, ipashe bila kuiacha itokote, ipoe. Hii ndiyo sosi ningeanza nayo kama leo ni mara yako ya kwanza.

"Pombe yote huruka sosi ikichemka"

Si kweli, na kwa wasomaji wengi wa pwani na wa Oman hili si jambo dogo. Mirin halisi ina takriban asilimia 14 ya alkoholi, na sake inakaribiana nayo. Kwa mujibu wa jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichochanganywa na pombe na kuchemshwa kwa dakika 15 hubaki na asilimia 40 ya alkoholi iliyotiwa. Baada ya saa nzima hubaki asilimia 25. Sufuria pana na sosi kidogo huharakisha mambo, lakini anayekuapia kwamba haibaki hata tone anakudanganya, hata kama hajui. Soya yenyewe, kwa kuwa ni kitu cha kuchachushwa, huwa na alkoholi kidogo ya asili, na watengenezaji wengine huongeza nyingine ili isiharibike. Zipo chupa zenye alama ya halali, zitafute.

Kwa asiyetumia pombe: vijiko 6 vya soya hiyo, vijiko 3 vya dashi, kijiko 1 cha sukari. Pasha mpaka sukari iyeyuke. Nimeila na jodari, na sikukosa chochote.

"Kuchanganya wasabi na soya ni kumtukana mpishi"

Nusu kweli. Majumbani Japani watu wanachanganya kila siku, na mchanganyiko una jina lake, wasabi-joyu. Mbele ya mpishi aliyekwisha kuweka wasabi kati ya samaki na wali, ni kweli haipendezi. Sababu kubwa ni harufu. Ukali wa wasabi hauko ndani ya mzizi ukisubiri. Huzaliwa pale chembe zake zinaposagwa, ukafikia kilele baada ya dakika chache, ukaanza kupotea ndani ya robo saa. Ndiyo maana wazee waliukuna mzizi huo kwenye ngozi ya papa: ngozi ile husaga laini sana, chembe nyingi zaidi hupasuka. Hekima hiyo imesimama mpaka leo. Ukiizamisha wasabi kwenye soya unabaki na mwasho na kupoteza manukato.

Lakini umeshawahi kula wasabi kweli? Pengine hujawahi. Mzizi wa kweli hupenda maji baridi yanayotiririka, kama ya Shizuoka na Nagano, na bei yake ni kubwa. Rojo la kijani unalouziwa, hata Japani kwenyewe, mara nyingi ni mzizi mweupe wa Ulaya (wa jamii ya kabichi) uliochanganywa na haradali na rangi. Hilo changanya utakavyo.

"Bila yuzu huna ponzu"

Si kweli. Ponzu ni soya iliyotiwa maji ya tunda chachu kama yuzu, na neno lenyewe limetoka kwa Waholanzi, kwenye pons, kinywaji chao cha matunda na pombe. Wajapani wenyewe hubadilisha tunda kwa mkoa: Tokushima sudachi, Oita kabosu, kwingine daidai. Ndimu zetu zinafaa bila aibu, ila zina uchachu mkali, kwa hiyo tia sehemu mbili za maji ya ndimu kwa tatu za soya, sukari kidogo, na kipande cha kombu kilale humo usiku mmoja.

Na mayonesi ya pilipili? Ni kweli, roli za namna hiyo zilivuma Marekani. Si kweli kwamba kwa hiyo ni kosa. Ile tu ukiipenda.

"Soya, siki na wasabi vinamfanya samaki mbichi awe salama"

Uongo, na huu ndio ninaokuomba usiurudie mezani kwa mtu yeyote. Ni kweli kwamba kile kinachoipa wasabi ukali huzuia bakteria katika maabara. Lakini bakuli lako si maabara, na tatizo si bakteria peke yao. Wizara ya Afya ya Japani inasema wazi: siki ya jikoni, chumvi, soya na wasabi haviui anisakis, minyoo midogo ya samaki wa baharini inayojichimbia kwenye ukuta wa tumbo na kuleta maumivu makali. Kinachowaua ni joto, au baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi. Wamarekani wanataka siku 7. Friza nyingi za nyumbani hazifiki hapo kwa uhakika.

Na jodari au vibua waliokaa juani wanaweza kujaa histamini, ambayo haiondoki kwa barafu wala kwa moto, sembuse kwa soya.

Kwa hiyo, kama huna uhakika samaki wako aligandishwa vipi na alikaaje tangu atoke majini, tengeneza sushi ya kamba waliochemshwa, pweza, mayai au tango. Nikiri uliyoipika itafaa kwa zote.