Fahamu: Uzamili wa kanzidata ni nini, na unaihusuje Wasso?

Kanzidata ni mkusanyo wa taarifa uliopangwa kwenye kompyuta ili zitafutwe, zirekebishwe na zilindwe kwa urahisi. Anayeisomea katika ngazi ya uzamili hujifunza kuiunda, kuiongezea kasi na kuzuia taarifa zisipotee wala kujirudia.

Mfano wa karibu: MTUHA

Wilayani Ngorongoro, uliko mji wa Wasso, kama kwingineko nchini Tanzania, vituo vya afya hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Jumla za kila mwezi huingizwa kwenye DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuiweka nchini.

Ugumu uko hapa. Mfugaji anayehamahama na mifugo anaweza kutibiwa Wasso leo na kwingine mwezi ujao, jina lake likaandikwa kwa namna mbili. Jumla ya mwezi haiwezi kuonyesha kwamba ni mtu mmoja. Kuunganisha kumbukumbu hizo, tena mahali ambapo mtandao hukatika, ni utafiti unaostahili shahada, na kijana wa Loliondo, jirani na Wasso, ana mengi ya kuchangia kuliko mgeni.

Wapi pa kusoma?

Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, hufundisha uzamili na uzamivu, TEHAMA ikiwamo.

Sheria inasemaje kuhusu taarifa za wagonjwa?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kabla ya kuomba nafasi, hakikisha programu unayoitaka inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).