Kwenu mlisoma kitabu gani?

Na Mwandishi Wetu

Basi dogo la Nairobi kwenda Arusha lilikuwa limeshaipita Bissil na abiria wengi walikuwa wamesinzia. Kijana wa dirishani alikuwa akikitupia macho kitabu cha mama aliyeketi kando yake. Kilikuwa kimechakaa, jalada limeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Samahani dada, hicho ni kitabu cha mapishi?"

Kilikuwa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora. Mama yule alicheka mpaka mzee wa kiti cha nyuma akaamka. Ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya Kenya, alikuwa safarini kwenda harusini, na hakuamini kwamba yupo mtu aliyesoma Kiswahili hadi kidato cha nne asiyekijua Kidagaa. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2013 kitabu hicho kilikuwa riwaya teule ya mtihani wa kidato cha nne nchini mwake.

"Basi kwenu mlisoma kitabu gani?" akauliza.

"Takadini. Na Watoto wa Mama N'tilie. Na Joka la Mdimu."

Sasa zamu ya kushangaa ikawa ya mwalimu. Alipata kulisikia jina la Takadini, lakini hakuwahi kukiona kitabu chenyewe. Kijana, mfanyabiashara wa mitumba aliyekuwa akirejea kwao Arusha, akamsimulia habari za Sekai, mama anayekimbia na mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe. Alizisimulia vizuri, kwa mpangilio wa mtu aliyekaririshwa: wahusika, mandhari, dhamira, ujumbe. Alipofika kwenye ujumbe akasimama na kucheka mwenyewe. "Unaona, dada? Bado najibu swali la mtihani."

Mimi nilikuwa ng'ambo ya ujia wa basi, daftari magotini. Nimesikia mazungumzo ya namna hii mara nyingi, na karibu kila mara huanza hivyo hivyo. Wasomaji wawili wa Kiswahili kutoka nchi mbili wakikutana, hawaanzi kwa kuulizana wanapenda nini. Huulizana walifundishwa nini. Mkenya wa umri fulani atataja Siku Njema au Utengano, mdogo wake atataja Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Mtanzania atataja vile vitatu alivyovitaja kijana, na kama alifika kidato cha sita ataongeza Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi. Ni orodha mbili za lugha moja, na hazigusani sana. Kinachochekesha ni kwamba Takadini yenyewe si hadithi ya Tanzania. Ni ya Ben Hanson, na mambo yake yanatokea Zimbabwe. Kitabu kilifika darasani kutoka Zimbabwe wakati kile cha Kenya kimekwama Namanga.

Haikuwa hivyo zamani, na aliyetukumbusha ni mzee wa kiti cha nyuma. Alikuwa mfanyakazi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Alituambia kwamba Rosa Mistika aliinunua Nairobi, akaisomea kwenye behewa, akamwazima Mganda mmoja wa karakana, na hakuiona tena.

Simulizi yake inalingana na kumbukumbu za uchapishaji. Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, chombo kilichoanzishwa mwaka 1948 chenye makao yake Nairobi kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kabla ya hapo chombo hicho hicho kiliendesha shindano la uandishi ambalo Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilishinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikaitoa mwaka 1960. Hivyo ndivyo Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, walivyoingia majumbani mwa watu wasiowahi kuiona bahari. Jumuiya ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983. Tumezoea kuhesabu hasara ya miaka ile kwa ndege na mabehewa. Vitabu sijaona aliyevihesabu.

Lakini si Rosa Mistika iliyompandisha mzee sauti. Ni Willy Gamba. Alipolitaja jina hilo, yule mpelelezi wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi, kijana aligeuka mzimamzima. Baba yake alikuwa na vitabu hivyo chini ya kitanda! Wakaanza kushindana: nani mkali zaidi, Willy Gamba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa? Mzee alikuwa upande wa Gamba, kijana upande wa Kiango. Dereva naye akachangia bila kugeuza kichwa.

Mwalimu alisikiliza kwa subira ya mtu anayesubiri kengele. Kisha akasema, kwa upole, kwamba hivyo ni vitabu vizuri vya kupitisha muda, ila si fasihi hasa. Wahakiki wana jina lake: fasihi pendwa. Ni jina la ajabu kidogo ukilifikiria, kwa sababu linadokeza kwamba ile nyingine haipendwi.

Kijana hakukasirika. Alitoa simu yake akamwonyesha hadithi anayoifuatilia, inayotolewa sehemu kwa sehemu. Ukitaka iliyobaki unamtumia mtunzi pesa kwa simu naye anakutumia yote. Ameshanunua nne. Husoma usiku akilinda mzigo. "Mwalimu," alisema, na hapo dada akawa mwalimu, "Joka la Mdimu nilisoma muhtasari wake, nikafaulu. Hii nimeisoma hadi mwisho kwa pesa yangu. Sasa niambie ipi ni fasihi kwangu."

Kisha akaongeza swali ambalo naamini hakulikusudia kuwa kali. "Hicho Kidagaa, kama kisingekuwa cha mtihani, ungekisoma tena?"

Mwalimu hakujibu. Alitazama nje, kwenye tambarare ya Kajiado na ng'ombe wake.

Niseme upande wangu, maana mwandishi anayejificha nyuma ya abiria si mkweli. Siamini kwamba vitabu vyote ni sawa. Nimesoma hadithi za simu ambazo mtunzi alisahau kwamba mhusika alishakufa sehemu ya tatu. Na nadhani Vuta n'Kuvute, pamoja na Yasmin wake anayemkimbia mume mzee na kujikuta kwa Denge katikati ya harakati za kudai uhuru Zanzibar, inamshika msomaji kama Willy Gamba anavyomshika, kisha inambakizia kitu. Lakini nimekiweka chini kitabu cha Nagona cha Kezilahabi mara mbili kabla ya kukimaliza, na mara zote mbili niliona aibu kusema. Aibu hiyo ndiyo inayoharibu mazungumzo ya vitabu kwetu. Msomaji hutaja anachotakiwa kukipenda, na anachokipenda hukiacha chini ya kitanda.

Wazee wetu hawakuwa na aibu hiyo. Mzee wa reli alikumbuka jinsi watu walivyogombana juu ya mashairi yasiyo na vina baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Amri Abedi alikuwa ameshaandika sheria za kutunga mashairi miaka 20 kabla, na kwa wengi hizo zilikuwa sheria kweli, mwenye kuzivunja anashtakiwa. Mzee mwenyewe bado haamini kwamba maandishi yasiyo na mizani ni shairi. Mwalimu anaamini. Walibishana hadi tukaona malori yaliyopanga foleni Namanga, na ndiyo ilikuwa nusu saa tamu kuliko zote za safari ile, kwa sababu hakuna aliyemwonea mwenzake haya.

Kilichonifanya niandike haya ni jambo la kwetu. Nimekulia Kampala. Shuleni kwetu hapakuwa na orodha ya riwaya za Kiswahili, si ya Kenya wala ya Tanzania. Kwa watu wengi wa kizazi cha wazazi wangu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na vizuizi vya barabarani, na riwaya yangu ya kwanza ya Kiswahili niliinunua Nairobi nikiwa mtu mzima. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wanatafutwa, sarufi itafundishwa. Swali la mwalimu na kijana linanihusu kuliko wao: watoto wa Uganda watapewa kusoma nini? Tutaazima orodha ya Nairobi, au ya Dar es Salaam, au tutatunga ya tatu isiyogusana na hizo mbili?

Nilipowauliza wenzangu wa basi, mzee alisema apewe Bwana Msa, kwa sababu mtoto akitaka kujua nani muuaji atatafuta mwenyewe maana ya maneno asiyoyajua. Kijana akakubali. Mwalimu akasema Bwana Msa anakubalika, na hapo wote wawili wakampigia makofi kana kwamba amesilimu.

Tulishuka kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, tukapanga mstari na vitabu vyetu vya kusafiria. Mwalimu alikuwa mbele yangu. Aligeuka kwa kijana, bila utangulizi, akajibu swali la nusu saa iliyopita.

"Kidagaa sijui. Nimekifundisha mno, sikioni tena. Lakini Siku Njema nilikisoma nikiwa na miaka 14, hakikuwa cha mtihani wangu. Nilikisoma kwa koroboi hadi mafuta yakaisha, mama akanichapa."

Kijana akauliza kinahusu nini. Akamweleza habari za Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga aliyefiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu, akavuka kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Safari hii hakutaja dhamira wala ujumbe.

"Kumbe ni wa Tanga," alisema kijana. "Alimpata?"

"Kisome."

"Kinapatikana Arusha?"

Mwalimu hakujua. Ofisa uhamiaji aliita anayefuata, naye akasogea dirishani. Kijana akatoa simu akaandika jina la kitabu, akamwomba amhakikishie tahajia ya Walibora, kisha akamtajia mtunzi wa hadithi yake ya usiku. Mwalimu alikuwa akiweka vidole kwenye mashine ya alama. Alisema amtumie sehemu ya kwanza tu, kwanza aone.