Kitako safi, bei nzuri: jinsi ya kutengeneza kishikio cha ombwe cha kukereza mabakuli

"Naomba picha ya chini." Kama unauza mabakuli ya mbao mtandaoni, ujumbe huu unaujua. Mteja hawezi kulishika bakuli wala kuligeuza, kwa hiyo anakuomba wewe umgeuzie. Akiona matundu ya skrubu au alama za meno ya mashine, anashusha bei. Mwingine hajibu tena, na oda imeondoka hivyo.

Mimi nakereza na kuuza mabakuli ya mninga na mvule. Kilichonisaidia kusimamia bei yangu ni kitako cha bakuli, na leo nakueleza kifaa ninachokimalizia nacho. Kama unanunua kwa fundi na kuuza, mtumie fundi wako asome.

Kinafanyaje kazi?
Ili mashine ikereze bakuli, lazima ilishike mahali, na mara nyingi ni chini. Ukimaliza ndani, alama zinabaki kwenye kitako na hakuna pa kulishikia ukiligeuza. Hapo tunatumia hewa. Unalifunika bakuli kwenye mdomo wa bomba, pampu inanyonya hewa iliyo ndani, na hewa ya nje inaligandamiza bakuli lisichomoke.

Nguvu yake si ndogo. Usawa wa bahari, hewa inasukuma karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 10, ukinyonya nusu ya hewa, linashika kwa karibu kilo 40. Lenye sentimita 15 linashika kwa karibu kilo 90. Kwa hiyo tumia bomba pana kadiri bakuli linavyoruhusu.

Vitu vya kutafuta
1. Kompresa ya friji bovu. Mwachie fundi friji aitoe, maana baadhi ya friji zina gesi ya R600a, na hiyo inashika moto. Unganisha mpira upande wa kunyonya. Upande wa kutoa unatema mafuta kidogo, uwekee chupa. Inapata moto haraka, ipumzishe.
2. Geji ya kupima ombwe, kama ile ya mafundi friji.
3. Koki ndogo ya kuingizia hewa, ili upunguze nguvu unapotaka.
4. Beringi yenye raba pande zote mbili. Inakaa nyuma ya shafti, ili shafti izunguke na mpira wa hewa utulie. Hakikisha kwanza shafti ya mashine yako ina tundu lililopita hadi mwisho.
5. Kipande cha bomba nene la plastiki, kilichofungwa imara kwenye kibao kinachoingia kwenye shafti. Mdomoni bandika sponji ngumu isiyofyonza maji, kama ile ya ndala.
6. Chujio kabla ya pampu, vumbi lisiingie.

Adui ni kuvuja
Kompresa ya friji inanyonya sana lakini polepole. Mbao ikipitisha hewa, pampu inashindwa. Pima hivi: funika mdomo wa bomba kwa kipande cha fomaika, soma geji. Kisha weka bakuli, soma tena. Tofauti unayoiona ni hewa inayopita kwenye mbao. Ndiyo maana napiga sila ndani ya bakuli kwanza, ikauke, halafu ndiyo naligeuza. Bakuli lenye ufa siliweki kabisa.

Usishangae namba zikitofautiana. Dar geji inaweza kukaribia inchi 30 za zebaki. Nairobi, juu ya mita 1,700, mwisho wake ni kama 24 au 25. Pampu haina tatizo, hewa ya huko ndiyo nyepesi.

Usicheze hapa
Umeme ukikatika, pampu inasimama lakini bakuli bado linazunguka. Likichomoka linakuja usoni. Weka mtungi wa kompresa ya upepo katikati ya mashine na pampu, na valvu ya njia moja upande wa pampu, upate muda wa kujiondoa. Acha ncha ya nyuma ya mashine ilisukume bakuli mpaka kibaki kile kidonge cha katikati tu. Spidi iwe ndogo, kata kidogo kidogo, vaa ngao ya uso, na usisimame mbele ya bakuli.

Bakuli jembamba linaweza kupasuka likinyonywa sana. Fungua koki, punguza.

Piga hesabu kabla ya kununua
Tuseme vifaa vyote vimekula shilingi 240,000, na kitako safi kinakuongezea 6,000 kwa bakuli. Unahitaji mabakuli 40 kurudisha pesa yako. Unauza mangapi kwa mwezi? Kama ni mawili, subiri kwanza, malizia kwa mkono na msasa. Kama ni kumi, ndani ya miezi minne umeshatoka.

Na ukishakuwa nacho, usisubiri kuombwa. Picha ya kitako iwe ya pili kwenye kila tangazo lako. Mteja akiona umemwonyesha mwenyewe kile ambacho wengine wanakificha, hata maswali yanapungua.