Krimu, Samawati na Shamba la Miwa

Wiki ya pili sasa sebule ya dada yangu hapa Muhoroni ina mabaka mawili ya rangi ukutani, moja krimu, jingine samawati, yamebanana kama mafahali wa zizi moja. Fundi anasubiri. Dada anataka krimu, shemeji samawati. Asubuhi dada hushinda. Alasiri krimu huingia ukijani fulani, na shemeji hucheka.

Ukijani huo ni wa miwa. Ukuta hauna nuru yake. Hurudisha sehemu ya ile iliyouangukia. Jua likipiga shamba lililo mbele ya dirisha, majani humeza wekundu na ubuluu, kisha hututupia kijani. Usiku mambo hugeuka tena. Taa ya LED ina buluu ya kutosha. Stima ikipotea tukawasha mshumaa, buluu karibu haipo, na samawati ya shemeji huwa kijivu.

Majarida ya Ulaya husema dirisha la kaskazini halioni jua, basi chumba hicho kipakwe rangi ya kuchangamsha. Sisi tuko kama kilomita 20 tu kusini mwa ikweta: Juni jua hupita kaskazini yetu, Desemba kusini. Ushauri huo tuwaachie wenyewe.

Kosa letu lilikuwa kuyaweka mabaka pamoja. Mkemia Michel Eugène Chevreul, msimamizi wa utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyeusi yake imefifia. Akagundua nyuzi hazina ila. Rangi za jirani ndizo zilizohadaa macho. Kitabu chake kilitoka 1839. Kumbe samawati ilikuwa ikiichochea krimu ionekane ya manjano zaidi! Tukapaka upya kwenye mbao mbili, tukazitazama mojamoja, hata kwenye pembe yenye giza.

Kilichoniamulia ni hesabu. Nuru chumbani hugonga kuta tena na tena. Tuseme rangi inarudisha asilimia 80: baada ya kugonga mara tatu hubaki 51. Ikirudisha 50, hubaki 12 na ushei. Ndiyo maana rangi iliyoonekana tulivu kwenye kadi ya dukani hukolea ikishapakwa kuta nne. Na sebule hii ina dirisha moja.

Krimu, nikasema. Shemeji amepewa ukuta mmoja wa samawati chumbani, na kiti chake keshakihamishia huko.