Mfarishi wa Viraka (Sehemu ya 3): Tushone kama Wasidi

Mvua zimeanza, na habari za mitaro iliyoziba zimerudi magazetini. Safari hii picha zimeonyesha, katikati ya chupa na mifuko, mafungu ya vipande vya kitenge, mapindo ya khanga na mabaki ya sare za harusi. Ni taka za mafundi cherehani. Zimeniuma, maana vipande hivyo ndivyo mfarishi wetu unavyovihitaji.

Msomaji aliyefuata sehemu mbili zilizopita ameshachagua pamba tupu, ameifua ili inywee mapema, na ameipiga pasi. Leo tunashona, na nitafuata mkono wa Wasidi wa jimbo la Karnataka, India. Nimewapenda washonaji hawa kwa miaka mingi, na naona haya kwamba huku kwetu hawatajwi.

Wasidi ni Wahindi wenye asili ya Afrika. Wengi wa wahenga wao walivushwa bahari wakiwa watumwa, wakauzwa Goa enzi za Wareno. Waliotoroka waliingia misituni, na vizazi vyao vinaishi hadi leo pande za Haliyal, Yellapur na Mundgod. Wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Mfarishi wao huitwa kawandi, nao hutumika kujifunika na kulalia, hasa majira ya mvua za kusi. Mwaka 2004 kina mama wa Kisidi waliunda ushirika wa kuuza kazi zao, wakisaidiwa na Henry Drewal, mwanahistoria wa sanaa kutoka Marekani.

Mshonaji hutandaza sari kuukuu iwe msingi. Huanzia ukingoni, huweka kiraka, hukunja pindo lake ndani, kisha hukishona kwa mishono mifupi iliyonyooka. Huongeza kingine na kingine, akizunguka kuelekea katikati. Kila mchomo wa sindano hupenya tabaka zote, kwa hiyo hakuna kazi ya kuunga uso wa juu kwanza na kupiga bandi baadaye. Pembe nne huvikwa phula, yaani vitambaa vya rangi vilivyokunjwa pembetatu. Mfarishi usio na phula huhesabiwa kuwa uko uchi. Kabla ya kufunga kiraka cha mwisho, baadhi yao hutia punje chache za mchele, ili tumbo la mfarishi lisikae na njaa.

Nyumbani, khanga kuukuu inatosha kuwa msingi. Tumia uzi wa pamba ulio mnene, na mistari ya mishono iachane kwa upana wa kidole. Ukitilia shaka kitambaa, choma uzi wake mmoja: pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, lakini polista huyeyuka na kuganda kama shanga. Hiyo usiitie.

Na asiniambie mtu kwamba kuunga vipande ni ugeni kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso zilizokuwa bado hazijakatwa, wakazikata na kuziunga sita sita, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi. Kutokana na leso hizo za kushona ndipo ikatoka khanga. Wajukuu wa wanawake hao leo hawajui kurudishia kifungo, wasichana kwa wavulana, na shule zetu hazioni aibu. Sindano na uzi virudi darasani, wala visiwe adhabu ya wasichana peke yao.

Kuhusu mitaro, halmashauri zina wajibu wao wa kuzoa taka, nao hauondolewi na mfarishi. Lakini Jumamosi hii, msomaji, pita kwa fundi wako kabla hajafunga, umwombe mfuko wa mabaki. Chambua pamba, fua, na uanzie pembeni.