Sonona isiyosikia dawa: Picha za ubongo zinatuambia nini?

Katika Milima ya Usambara, upande wa Korogwe, ipo Hospitali ya Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, miaka sita kabla ya hospitali ya akili ya Mathari kufunguliwa jijini Nairobi. Leo Lutindi iko chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yenye makao makuu Lushoto. Hapo wagonjwa hutibiwa kwa dawa na pia kwa kazi, ikiwamo ya mashamba ya chai.

Kwa hiyo tiba ya akili si jambo geni Usambara. Hata hivyo, mtu anayepiga kelele barabarani hupelekwa hospitali upesi, lakini mama aliyeacha kulima, halali, hali na haongei na mtu, huambiwa ni mvivu, karogwa au imani yake imepungua. Huyo wa pili huenda ana sonona. Na akitumia dawa asipate nafuu, lawama huongezeka maradufu.

Madaktari huita sonona kuwa sugu pale mgonjwa anapokuwa ametumia angalau dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha, bila kupata nafuu ya maana. Inakadiriwa kuwa karibu theluthi moja ya wanaotibiwa huangukia kundi hilo. Kwa nini dawa iliyomwinua jirani imshinde mwingine?

Kwa muda mrefu jibu lilitafutwa kwenye kemikali za ubongo peke yake. Sasa wanasayansi wanaangalia pia jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana. Wakazi wa Lushoto wanaweza kulielewa hili kwa kuitazama barabara ya Mombo. Mvua kubwa ikiangusha kifusi kwenye kona moja, mashamba ya kabeji yako salama na soko la Kariakoo liko wazi, lakini mzigo haufiki. Hakuna kijiji kilichobomoka. Njia ndiyo iliyoharibika.

Ubongo nao una njia za namna hiyo, na huchunguzwa kwa mashine ya MRI. Mtu hulazwa chali ndani ya bomba jembamba, kichwa kimeshikizwa kisitikisike, masikio yamezibwa kwa sababu mashine hugonga kwa kishindo. Hapewi kazi yoyote. Huambiwa atulie tu. Mashine hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Sehemu mbili ambazo oksijeni yake hupanda na kushuka kwa pamoja huhesabiwa kuwa zinawasiliana.

Sehemu moja inayotajwa mara kwa mara iko ndani kabisa, nyuma ya paji la uso, na wataalamu huiita eneo la 25. Inahusika na huzuni. Katika tafiti kadhaa, kwa watu wenye sonona eneo hili limeonekana kushikamana kupita kiasi na mtandao unaofanya kazi tunapojiwazia wenyewe na kukumbuka yaliyopita. Huenda ndiyo sababu mgonjwa hurudia wazo lilelile usiku kucha: nimeshindwa, mimi ni mzigo.

Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo mengine katika jarida la Nature. Mtandao unaochagua jambo lipi lipewe uzito ulikuwa umetanda karibu mara mbili ya kawaida katika ubongo wa wengi wenye sonona. Utandaji huo haukupungua siku mgonjwa alipojisikia vizuri, na ulionekana hata kwa baadhi ya watoto kabla hawajaugua. Tofauti ya namna hiyo mtu hajitakii, wala haiondoki kwa kukemewa.

Lakini tusikimbilie kutangaza ushindi. Uchambuzi mkubwa wa China uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta mawasiliano ndani ya mtandao wa kujiwazia yamepungua, si kuongezeka, kwa wagonjwa waliokuwa wameugua zaidi ya mara moja, na matumizi ya dawa yalihusishwa na hali hiyo. Mpaka leo hakuna picha ya MRI inayoweza kuthibitisha kwamba fulani ana sonona. Asitokee mtu wa kumshawishi mkulima wa Mlalo auze shamba akapige picha ya ubongo kwa ajili hiyo. Sonona hutambuliwa kwa mazungumzo ya kina na mhudumu wa afya.

Faida ya tafiti hizi imeanza kuonekana kwenye tiba. Mwaka 2005 timu ya daktari Helen Mayberg ilichapisha matokeo ya kuweka, jijini Toronto, nyaya za umeme karibu na eneo la 25 kwa wagonjwa sita waliokuwa wameshindikana. Wanne walipata nafuu kubwa. Jaribio kubwa zaidi lililofuata halikuweza kuthibitisha faida hiyo. Tiba ya sumaku inayowekwa nje ya kichwa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, imefika mbali zaidi. Tafiti zimeonyesha kwamba huelekea kufanya kazi vizuri inapolengwa pale ambapo mawasiliano na eneo la 25 huenda kinyume: upande mmoja ukipanda, mwingine hushuka.

Mashine hizo ziko mbali na Usambara, lakini hatua za mwanzo haziko mbali. Kwanza, kuhakikisha kwamba sonona ni sugu kweli. Amitriptyline, dawa inayotumika sana nchini, huanza kwa kukausha mdomo na kuleta usingizi, huku nafuu ikichukua wiki kadhaa. Wengi huiacha wiki ya kwanza, wakasema imeshindwa. Pombe, tatizo la tezi ya shingo, upungufu wa damu au ugonjwa mwingine wa akili uliofichika pia huweza kuizuia tiba. Pili, dawa hubadilishwa, huongezwa nyingine, na ushauri nasaha huambatanishwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa nyumbani, mkumbushe dawa, msindikize kliniki, na usimruhusu aache dawa ghafla bila kumwona daktari. Akizungumzia kujiua, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Dawa moja ikishindwa, rudini mkaombe nyingine. Mgonjwa ambaye dawa haijamsaidia hajakosea chochote, na bado anayo haki ya kutibiwa.